Siku Moja Bandarini, Siku Tatu za Safari



Wapenzi wasomaji wetu, kila likizo za shule zinapokaribia, akina mama wa bara hutuuliza kuhusu safari ya kuja pwani. Mara hii swali limetoka Tseikuru, kaskazini ya kaunti ya Kitui, ambako jamaa za Kiislamu ni wachache lakini wameshikana. Akina mama wa huko wanataka kuwaleta watoto wa madrasa Mombasa, waione bandari ya Kilindini na moja ya zile meli kubwa za watalii, wazuru Fort Jesus, waswali katika misikiti ya Mji wa Kale, kisha warejee kwao salama. Wanauliza: gari la pamoja hupangwaje? Nani ashike fedha? Na je, yawezekana yote hayo kufanywa kwa siku moja?

Jibu la swali la mwisho ni fupi: haiwezekani, wala isijaribiwe. Siku moja ya bandarini, kwa mtu wa Tseikuru, ni siku tatu za safari. Maswali mawili ya mwanzo yanahitaji maelezo marefu zaidi. Twawaomba nanyi wasomaji wa pwani msiuruke ukurasa huu, kwani nyinyi ndio wenyeji watakaowapokea wageni hawa, na yanayomhusu ajaye kwetu yatuhusu sisi tunapokodi basi kwenda Maulidi ya Lamu, harusini Malindi au hitimani Tanga.

Tujifunze kwa abiria wa meli

Meli ya watalii inapofunga Kilindini asubuhi, abiria wake wana siku moja tu ya kutembea. Wako wanaokwenda mbuga ya Tsavo Mashariki, wako wanaozunguka Mji wa Kale. Atakayesimama kando na kutazama ataona jambo la kuigwa. Mabasi yamepangwa kwa nambari, kila abiria analijua basi lake kabla ya kushuka melini, orodha ya majina iko mkononi mwa kiongozi, na saa ya kurudi imetangazwa kabla ya saa ya kuondoka. Meli kwa kawaida huyasubiri mabasi iliyoyapanga yenyewe. Aliyejitafutia gari lake mwenyewe akachelewa, huweza kuikuta meli imekwisha ng'oa nanga.

Kwa hiyo watu hao huihesabu siku yao kwa kurudi nyuma. Huanza na saa ambayo lazima wawe wamerejea, wakatoa mwendo wa njiani, wakatoa saa moja ya dharura, na kilichobaki ndicho muda wao wa kutembea. Sisi wengi wetu hufanya kinyume. Hupanga saa ya kutoka, tukaorodhesha kila mahali tunapotamani kupaona, na saa ya kurudi tukaiachia bahati. Matokeo yake ni dereva anayekimbizwa usiku, watoto wamelala bila mikanda, na mama mzazi nyumbani anayepiga simu isiyopokelewa.

Mpango wa gari, basi, huanzia saa ya kurudi. Mengine yote tutakayoyasema yamejengwa juu ya msingi huo.

Hesabu ya njia

Kutoka Tseikuru kuja Mombasa ni zaidi ya kilomita 500. Msafiri hushuka kupitia Kyuso hadi Mwingi, akaenda Kitui, kisha akaifuata barabara ya lami ya Mutomo hadi Kibwezi, ambapo huingia barabara kuu ya Mombasa. Lami ya Kitui hadi Kibwezi ni neema iliyokuja katika miaka ya karibuni. Kabla yake, wengi walilazimika kuzunguka upande wa Machakos.

Tangu kanuni za mwaka 2003, ambazo wengi twazijua kwa jina la marehemu waziri John Michuki, gari la abiria halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Hata kama barabara ingekuwa tupu na gari lisisimame hata mara moja, kilomita 500 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 6. Ongezeni malori ya barabara kuu, vituo vya kula na kujisaidia, swala, na watoto wanaotapika. Mtaona kwamba mwendo wa kweli ni kutoka alfajiri hadi karibu na magharibi. Nayo Sheria ya Trafiki ya Kenya yakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Maana yake ni kwamba safari hii yahitaji madereva wawili hata kwa njia ya kwenda peke yake. Mwenye gari akiwaambia kwamba dereva wake mmoja ni hodari na atawaleta na kuwarudisha usiku huohuo, msimsifu. Amekwisha kuwajulisha thamani anayoipa roho ya mwanao.

Hivyo basi siku ya kwanza ni ya kuja, siku ya pili ni ya bandari, na siku ya tatu ni ya kurudi. Asiyeweza kugharimia siku tatu, ni heri achange mwaka mmoja zaidi kuliko kuzibana siku tatu ziwe moja.

Wako waliouliza kuhusu treni. Reli mpya ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, na treni ya asubuhi inayosimama vituo vya kati hupita Kibwezi. Ni njia ya utulivu, na watoto huifurahia. Lakini kundi la watu thelathini litahitaji gari la kuwafikisha Kibwezi kwa wakati, na gari jingine la kuwapokea Miritini, kwa kuwa kituo cha mwisho kiko nje ya kisiwa. Treni, kama meli, haimsubiri aliyekwama kwenye tope la Kyuso. Kwa kundi dogo lisilo na wazee ni njia nzuri. Kwa kundi kubwa lenye watoto wachanga, basi moja kutoka mlangoni hadi mlangoni lina wepesi zaidi.

Majira ya meli na majira ya mvua

Hapa pana jambo ambalo mtu wa pwani huenda asilifikirie. Meli za watalii huja kwetu zaidi kati ya Novemba na Aprili. Kwa mtu wa Kitui, Novemba na Desemba ndio moyo wa mvua, mvua ambazo mkulima wa huko huzitegemea kuliko zile za Aprili. Likizo ndefu ya shule nayo iko papo hapo. Mambo matatu yamekutana mwezi mmoja: watoto wako nyumbani, meli ziko njiani, na mito imejaa.

Mito ya Ukambani mingi ni ya msimu. Mwezi wa Agosti ni mchanga mkavu ambao akina mama huchimba wakapata maji. Mwezi wa Novemba ni ukuta wa maji unaoshuka kwa ghafla kutokana na mvua iliyonyesha mbali, hata pale ulipo wewe jua linawaka. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu, katika eneo la Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafa, wakiwamo watoto. Safari yao ilikuwa ya furaha kama hii tunayoipanga. Twawapa pole jamaa zao hata leo, na twalitaja jambo hili kwa heshima, kwa kuwa majirani zetu wa Tseikuru huipita njia ya Mwingi.

Kwa hiyo twashauri mambo mawili. Kwanza, akina mama wachague wiki ambayo mvua zimepungua, kama vile siku za mwanzo wa Januari kabla ya shule kufunguliwa, hata kama wataikosa meli moja mashuhuri ya Desemba. Pili, liwekwe sharti, litamkwe mbele ya wote kabla ya safari na liandikwe katika mkataba wa gari: maji yakipita juu ya daraja au kivuko, gari litasimama, na hakuna abiria, awe mzee au tajiri, atakayemhimiza dereva apite. Kungoja saa tano ukingoni si hasara. Kurudi nyumbani bila kuiona bahari si hasara. Meli nyingine itakuja, inshaallah.

Kiongozi wa msafara

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao awe kiongozi. Ikiwa watatu wanahitaji kiongozi, itakuwaje kwa thelathini na watoto wao?

Njia kati ya Ukambani na Mombasa si ngeni kwa jambo hili. Karne ya kumi na tisa, kabla ya reli na kabla ya lami, Wakamba walishuka pwani kwa misafara ya miguu wakiwa na pembe za ndovu. Kivoi wa Kitui alisifika kwa kuiongoza misafara hiyo. Ndiye aliyempokea Ludwig Krapf mwaka 1849, mwaka ambao Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui. Katika misafara ya zama hizo, ya bara na ya pwani, palikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele, na wapagazi wakaifuata hatua yake. Wazee wale walijua kwamba njia haina huruma kwa kundi lenye sauti kumi.

Kiongozi wenu na awe mtu mtulivu anayekubalika na wanawake na wanaume. Kazi yake ni tatu: kuamua gari litoke lini, kuamua lisimame wapi, na kuhesabu watu. Mweka hazina asiwe yeye. Awe mtu mwingine, na wote wawili wawe na nakala moja ya orodha ya majina, pamoja na nambari ya simu ya jamaa aliyebaki nyumbani kwa kila abiria.

Fedha za watu ni amana

Twaingia sasa katika jambo linalovunja udugu kuliko ubovu wa barabara. Mara ngapi tumesikia watu walikwenda safari pamoja wakicheka, wakarudi hawasalimiani, na sababu ikawa shilingi mia tano ambazo hazikuelezwa? Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, imekuja kuamrisha deni liandikwe. Mola wetu hakuona haya kutufundisha kuandika. Kwa nini sisi tuone haya kuombana daftari? Wahenga wetu nao walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza, bei ya kiti isipigwe kwa kugawanya gharama kwa viti vyote vya gari. Tuseme basi la viti 33 limekubaliwa kwa shilingi 99,000. Kwa viti 33 ni shilingi 3,000 kila mmoja, na kila mtu atafurahi. Lakini wakijitoa wanane wiki ya mwisho, ishirini na watano waliobaki watadaiwa shilingi 3,960, na hapo ndipo maneno huanza. Ni bora kugawanya kwa watu 27, kila mmoja alipe kama shilingi 3,670 tangu mwanzo, na wote waelezwe kwamba basi likijaa watarudishiwa ziada. Kurudisha fedha huleta dua; kuongeza mchango kati ya njia huleta fitina.

Pili, michango isiingie katika simu ya mtu mmoja ikachanganyika na fedha za sukari na karo. Ifunguliwe akaunti ya kundi, au angalau laini ya M-Pesa iliyotengwa kwa safari hiyo tu, na kila Ijumaa baada ya darsa taarifa isomwe: nani amelipa, kiasi gani kimetoka, kiasi gani kimebaki.

Tatu, lipo jambo ambalo wengi hulifanya bila kulitamka. Mwenye gari humpa mwandalizi kiti cha bure, au humrudishia kiasi fulani kwa kumletea wateja. Kiti hicho kimetokana na fedha za nani? Kimetokana na fedha za wote. Kama kundi limejua na limeridhia kwamba mwandalizi asilipe kwa taabu anayoichukua, ni halali yake na ale kwa baraka. Lakini likifichwa, ni amana iliyoliwa, hata kama hakuna ajuaye. Vivyo hivyo ziada inayobaki baada ya safari si zawadi ya kiongozi. Ni mali ya waliochanga, hata wao wenyewe waseme: iende madrasa.

Nne, kila kundi lina mama mjane au mtoto yatima ambaye hatasema kwamba hana. Viti viwili vilipiwe kimya kimya na wenye uwezo, na jina la aliyelipiwa lisisomwe tofauti na majina mengine.

Mkataba na mwenye gari

Msikubaliane kwa simu pekee. Iandikwe karatasi moja, itiwe sahihi, na mjumbe wa kundi aende mwenyewe kuliona gari: magurudumu yake, mikanda ya kila kiti, mlango wa dharura. Aonyeshwe leseni ya gari la abiria iliyotolewa na NTSA, na hati ya bima yenye kuonyesha kwamba gari limekatiwa bima ya kubeba abiria kwa malipo. Gari la binafsi au la taasisi linaloazimwa kwa bei nafuu huenda halina bima hiyo, na nafuu ile yaweza kuwa msiba siku ya ajali.

Karatasi iseme bei yote ni kiasi gani, na ndani yake mna nini: mafuta, chakula na malazi ya madereva wawili, ada za kuegesha Mombasa, na mizunguko ya siku ya pili. Iseme gari likiharibika njiani, nani ataleta jingine na kwa gharama ya nani. Iseme nambari ya usajili ya gari lenyewe, kwani si mara moja kundi limeonyeshwa basi jipya likaletewa kuukuu. Iseme pia kwamba gari halitabeba abiria wengine wa njiani, jambo ambalo lina uzito maalumu penye wanawake na mabinti. Muziki, moshi wa sigara na miraa, yote yasemwe mapema kwa adabu. Dereva aliyeyakubali kabla hatayaona kuwa ni matusi baadaye.

Ama arubuni, toeni sehemu ndogo kuliko nusu, na salio lilipwe kwa hatua, la mwisho baada ya kurudi. Wanazuoni wametofautiana kuhusu arubuni inayopotea mteja anapoghairi. Walio wengi, wakiwamo wa madhehebu yetu ya Imam Shafi, hawakuiridhia, na wafuasi wa Imam Ahmad wakairuhusu. Njia ya kuepuka ugomvi ni kuandika wazi: tukighairi kabla ya siku fulani tutarudishiwa kiasi gani, na mwenye gari akighairi atarudisha nini na lini.

Mwanamke safarini, na ibada zake

Akina mama wameuliza, na wana haki ya kuuliza, kuhusu kusafiri bila maharimu. Hadithi zimekuja kumkataza mwanamke kusafiri bila maharimu. Katika madhehebu ya Shafi imeruhusiwa kwa Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu. Ama safari ya matembezi, wako waliokataza na wako waliolegeza pakiwa na kundi lenye amani. Hatutoi fatwa katika safu hii. Twasema tu kwamba suala hili liulizwe kwa imamu wenu kabla ya kulipa arubuni, si ndani ya basi. Na lililo jepesi zaidi ni kuifanya safari iwe ya jamaa: baba, kaka na mjomba wawemo garini. Watafaa pia kubeba mizigo.

Kwa swala, mwendo huu umezidi kwa mbali masafa ya safari. Mkishaiacha mipaka ya mji wenu, mwaweza kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha ziwe rakaa mbili mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Mkiswali nyuma ya imamu mkazi, katika msikiti wa Kibwezi au wa Mombasa, kamilisheni naye rakaa nne. Akina mama watangulize mtu kuuliza kama msikiti una sehemu ya wanawake na maji ya udhu, kwa kuwa misikiti mingine ya njiani haina. Mtungi wa maji na mkeka vikae karibu na mlango wa basi, visizikwe chini ya mizigo.

Viti vya mbele wapewe wajawazito, wazee na wenye watoto wachanga. Kila mtu mzima akabidhiwe watoto wasiozidi wanne kwa majina, na wahesabiwe kwa majina kila basi linapotaka kuondoka. Hesabu ya vichwa hudanganya, jina halidanganyi. Mfukoni mwa kila mtoto kuwe na kikaratasi chenye nambari ya simu ya kiongozi. Njiani chukueni chakula chenu: chapati, mayai, tende, maji mengi. Nanyi mtokao Tseikuru hamtaacha kutuletea asali ya kwenu.

Siku ya bandari

Wenyeji wa pwani, zamu yenu. Ukarimu wetu hutufanya tugombee wageni, mmoja alale Majengo, mwingine Kisauni, mwingine Bombolulu. Ni upendo, lakini asubuhi basi litatumia saa mbili kuwakusanya. Kama yawezekana, wageni walale mahali pamoja, madrasani au katika nyumba mbili za jirani, na jamaa wengine wapeleke chakula huko. Hawa hawatafika siku ya tatu ya jembe, kwa hiyo hapana haja ya kuhofia mzigo.

Bandari yenyewe ni eneo la ulinzi, na haiingiwi bila kibali cha Mamlaka ya Bandari. Madrasa inayotaka kuingia iandike barua mapema sana, na ipange siku yake kana kwamba kibali hakitatoka. Mtu yeyote atakayewaambia langoni kwamba anaweza kuwaingiza kwa ada ndogo, mpeni salamu na mpite. Meli huonekana vizuri, bila malipo, kutoka bustani ya ufuoni ya Mama Ngina, kwani zote zinazoingia Kilindini hupita mbele yake. Watoto wataliona jumba lile la chuma likiteleza karibu nao hata wahesabu madirisha.

Ratiba ya kurudi nyuma, basi, iwe hivi. Magharibi iwakute mmekwisha fika malazini, kwa kuwa kesho ni alfajiri. Kwa hiyo saa kumi na moja jioni basi liwe limeelekea huko. Alasiri ni ya kupumzika Mama Ngina. Adhuhuri ni ya Mji wa Kale: swala msikitini, kisha chakula. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, ni ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na ambayo tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Basi kubwa haliingii katika vichochoro vya Mji wa Kale. Liegeshwe nje, na kundi litembee kwa miguu. Msijaribu kuongeza Diani siku hiyo. Kuvuka Likoni na kundi la watoto ni saa nyingi za foleni, na abiria hushuka garini kupanda feri kwa miguu.

Na kama meli haikuja? Ratiba za meli hubadilika kwa upepo na kwa amri za wenyewe. Waambieni watoto tangu Tseikuru kwamba wanakwenda kuiona bahari, na meli wakiiona ni nyongeza. Mtoto aliyeahidiwa bahari hatakosa.

Siku ya tatu, baada ya Alfajiri, kiongozi atasoma majina, madereva wawili waliolala usingizi wa kutosha watawasha gari, na dua ya safari itasomwa. Mkifika Tseikuru msitawanyike kabla mweka hazina hajasoma hesabu, hata kama mmechoka. Dakika kumi za usiku ule zitaokoa udugu wa miaka kumi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) awafikishe akina mama wa Tseikuru na watoto wao kwetu kwa amani, atupe sisi moyo wa kuwapokea inavyostahiki, na awarudishe majumbani mwao wote, wakihesabiwa jina kwa jina. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.